Wa Kwanza Asiye na Taji

Watu wana mizani mbili za kupimia kazi ya mtu. Mizani ya kwanza hupima kilele chake, yaani ile siku moja aliyopanda juu kuliko siku zake zote. Mizani ya pili hupima mwendo wake, yaani zile siku nyingi, njema na mbaya, alizozitumikia bila ya kuchoka. Aghalabu mizani hizi hupatana, maana aliye bora katika mwendo huwa bora katika kilele pia. Lakini mara chache hutokea mtu ambaye mizani ya pili humwona mzito, na ya kwanza humwona mwepesi. Hapo wahukumu hugombana, na hapo msomaji hupata nafasi ya kujifunza namna ya kuhukumu.

Mtu wa namna hii alikuwa Caroline Wozniacki, mwanamke wa Denmark aliyecheza tenisi ya kulipwa. Insha hii haikusudii kusimulia maisha yake yote, wala kumpamba kwa sifa. Inakusudia kulichunguza shtaka moja aliloshtakiwa kwa miaka mingi, nalo ni hili: kwamba aliitwa mchezaji wa kwanza duniani bila ya kustahili. Nakuomba, msomaji, uketi nami kama hakimu, usikilize pande zote mbili, kisha utoe hukumu yako mwenyewe.

Wozniacki alizaliwa tarehe 11 Julai 1990 katika mji wa Odense, mji ule ule alikozaliwa Hans Christian Andersen, mtunzi mashuhuri wa ngano. Wazazi wake walikuwa wenyeji wa Poland. Baba yake, Piotr, alikuwa mcheza soka wa kulipwa. Mama yake, Anna, aliichezea timu ya taifa ya Poland katika mpira wa wavu. Mtoto alizaliwa, basi, katika nyumba ya watu waliojua maana ya jasho, lakini hawakuwa watu wa tenisi. Hata hivyo baba ndiye aliyekuwa mwalimu wake kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya uchezaji.

Denmark nayo haikuwa nchi ya kutegemewa kuzaa bingwa wa mchezo huu. Ni nchi ndogo ya kaskazini, yenye baridi kali na siku fupi wakati wa kipupwe, na sifa zake kubwa katika michezo zilitoka katika soka, mpira wa mikono na badminton. Zamani alikuwapo Kurt Nielsen, aliyefika fainali ya Wimbledon mwaka 1953 na tena mwaka 1955, akashindwa mara zote mbili. Baada yake palikuwa na kimya kirefu. Binti wa Odense alipoanza kushinda, hakuwa na njia iliyokwisha kufyekwa na wengine mbele yake.

Alipanda kwa hatua zinazoonekana. Mwaka 2006 alishinda mashindano ya wasichana ya Wimbledon. Mwaka 2008 alitwaa kikombe chake cha kwanza miongoni mwa watu wazima, mjini Stockholm. Mwaka 2009 alifika fainali ya mashindano ya Marekani, akashindwa na Kim Clijsters wa Ubelgiji. Mwaka 2010 alishinda mashindano 6, na tarehe 11 Oktoba ya mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 20, aliandikwa wa kwanza duniani. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa nchi za Skandinavia kushika nafasi hiyo. Mwaka 2011 alishinda tena mashindano 6. Kwa jumla alikaa juu kwa wiki 67 mpaka Januari 2012, akiiacha nafasi hiyo kwa wiki moja tu katikati.

Sasa tulisikilize shtaka lenyewe. Tenisi ina mashindano makuu manne kila mwaka: ya Australia, ya Ufaransa, ya Wimbledon na ya Marekani. Hayo ndiyo yanayokumbukwa na watu, na majina ya washindi wake ndiyo yanayosomwa baada ya miaka mingi. Katika wiki zile 67 Wozniacki hakushinda hata moja kati ya hayo. Wakosoaji wakasema: huyu ni malkia asiye na taji. Wakakumbusha kwamba Serena Williams wa Marekani, aliyekuwa na nguvu kuliko wote, alikuwa nje ya uwanja kwa karibu mwaka mzima tangu Julai 2010, kwa jeraha la mguu na kisha kwa maradhi. Wakadai kwamba binti wa Denmark alikikalia kiti ambacho mwenyewe alikuwa amekiacha kwa muda. Kutangulia si kufika, ndivyo wanenavyo wahenga, na wakosoaji wale walisema maneno ya maana hiyo hiyo kwa lugha zao.

Mtetezi wake naye ana la kusema. Nafasi za wachezaji wa tenisi hazipangwi kwa kura, wala kwa maoni ya waandishi. Hupangwa kwa hesabu ya alama alizovuna mchezaji katika wiki 52 zilizopita. Mashindano makuu hutoa alama nyingi kuliko mengine, lakini mengine nayo hutoa zake. Mchezaji anayefika mbali katika Dubai, Tokyo, Montreal na Beijing, wiki baada ya wiki, huzikusanya alama hizo kama mkulima anavyokusanya magunia ghalani. Sheria ilikuwa moja kwa wote. Aliyekuwapo alivuna, na asiyekuwapo hakuvuna. Kwa mtazamo huu Wozniacki hakumnyang'anya mtu kitu chochote. Bandu bandu humaliza gogo, naye alilimaliza gogo lake mbele ya macho ya watu wote.

Mpaka hapa msomaji anaweza kudhani kwamba ugomvi huu hauna mwisho. Kwa maoni yangu una mwisho, ila mwisho wake hauonekani katika hesabu za alama. Unaonekana katika mchezo wenyewe, na huko ndiko mkosoaji anakopaswa kutazama kabla ya kusema neno.

Sheria za tenisi ni nyepesi kueleza. Mpira huvuka wavu, huruhusiwa kudunda mara moja, kisha hapana budi urudishwe ndani ya mistari. Pointi hujenga gemu, gemu hujenga seti, na mwanamke anayeshinda seti mbili ameshinda pambano. Kuna njia mbili za kupata pointi. Njia ya kwanza ni kuupiga mpira kwa nguvu na shabaha hata mshindani asiufikie. Njia ya pili ni kuurudisha kila mpira mpaka mshindani akosee. Wozniacki alikuwa bingwa wa njia ya pili. Alikuwa mwepesi wa miguu, mwenye pumzi nyingi na mwenye moyo usiotikisika. Mpigo wake wa upande wa kushoto, alioupiga kwa mikono miwili, ulikuwa imara kama nguzo. Mshindani alipodhani amekwisha kuimaliza pointi, alishtuka kuuona mpira umerudi. Akaupiga tena, nao ukarudi tena. Na kila uliporudi alilazimika kuupiga karibu zaidi na mstari, mpaka mwishowe ukatoka nje.

Wako waliouita mchezo huu wa woga. Nadhani walikosea. Kuukimbilia mpira uliokwisha kupotea, si mara moja bali mara mia kwa siku, ni kazi inayotaka ujasiri wa aina yake. Tabia hiyo ilionekana hata nje ya uwanja wa tenisi, kwa kuwa mnamo Novemba 2014 alikimbia mbio za marathoni za New York, akamaliza kwa muda wa saa 3 na dakika 26. Mtu mwoga hajipi adhabu kama hiyo kwa hiari yake. Isitoshe, kutokosea ni ufundi. Mwashi anayejenga ukuta usio na ufa hasifiwi sana na wapita njia, walakini wenye nyumba hulala salama kwa sababu yake.

Lakini haki hainyamazii kasoro, na kasoro ilikuwapo. Mpigo wake wa upande wa kuume haukuwa na makali. Mpira ulipanda juu, ukazunguka, ukatua katikati ya uwanja, mahali ambapo mshindani mwenye nguvu aliungoja kwa furaha. Mpigo wake wa pili wa kuanzia ulikuwa mwepesi kushambuliwa. Kwa sababu hiyo Wozniacki aliweza kumnyima mshindani ushindi wa rahisi, ila hakuweza kila mara kujitwalia ushindi wake mwenyewe. Alimwachia mwenzake uamuzi. Yule akikosea, Wozniacki alishinda. Yule asipokosea, hakuwa na silaha ya kumzuia.

Hapa ndipo fumbo linapofunguka. Katika siku za kawaida, na mbele ya washindani wa kawaida, watu hukosea. Kwa hiyo mchezo wa kutokosea hushinda mara nyingi sana katika mwaka, na alama hujaa. Bali katika siku kuu, mbele ya mshindani aliye katika ubora wake, makosa hupungua, na hapo asiye na silaha hushindwa. Mizani mbili tulizozitaja mwanzoni hazikugombana juu yake kwa bahati mbaya. Ziligombana kwa sababu ya umbo la mchezo wake. Sifa ile ile iliyompandisha juu ndiyo iliyomzuia mlangoni.

Mfano ulio wazi ni nusu fainali ya Australia ya mwaka 2011. Wozniacki alikutana na Li Na wa China. Alishinda seti ya kwanza, na katika seti ya pili alibakiwa na pointi moja tu ili aingie fainali. Hakuipata pointi hiyo. Li Na aligeuza mambo, akashinda kwa 3-6, 7-5, 6-3. Tazama pia mapambano yake na Serena Williams. Walikutana mara 11 katika mashindano ya kulipwa, na Wozniacki alishinda mara 1 tu, mjini Miami mwaka 2012. Alipofika tena fainali ya Marekani mwaka 2014, Serena alimshinda kwa 6-3, 6-3. Hesabu kama hii haifutiki kwa maneno matamu.

Basi wakosoaji walikuwa na sehemu ya haki. Kosa lao lilikuwa kuyachanganya maswali mawili. Swali la kwanza ni hili: Je, alistahili nafasi ya kwanza? Jawabu ni ndiyo, kwa sheria iliyowahusu wote. Swali la pili ni jingine: Je, alikuwa na mchezo mkali kuliko wote waliokuwa hai wakati ule? Jawabu ni hapana. Nafasi ya kwanza ilikuwa malipo ya kazi ya mwaka mzima, wala haikuwa cheti cha kusema kwamba hakuna ambaye angaliweza kumshinda. Anayelijibu swali la kwanza kwa jawabu la pili humdhulumu aliyefanya kazi. Na anayelijibu la pili kwa jawabu la kwanza hujidanganya mwenyewe.

Yaliyofuata yalikuwa marefu na machungu. Majeraha yalimpata, nafasi yake ikateremka, na mwezi Agosti 2016 alikuwa wa 74. Wengi walidhani habari yake imekwisha. Alikwenda katika mashindano ya Marekani akiwa katika nafasi hiyo duni, akafika nusu fainali. Mwaka 2017 alipata mtihani wa namna nyingine, kwani alifika fainali 6 tangu Januari mpaka Agosti, akashindwa zote 6. Mtu mwingine angalisema kwamba Mungu hakumwandikia. Yeye alirudi uwanjani, akashinda mjini Tokyo mwezi Septemba. Kisha katika mashindano ya kufunga mwaka mjini Singapore alimshinda Venus Williams katika fainali, ijapokuwa katika mapambano yao 7 yaliyotangulia hakuwa amemshinda hata mara moja.

Hatimaye ikaja Januari 2018, katika mji wa Melbourne. Lilikuwa shindano kuu la 43 kwake. Katika raundi ya pili alikutana na Jana Fett wa Croatia, mchezaji asiyekuwa miongoni mwa 100 wa kwanza. Katika seti ya mwisho Fett alikuwa mbele kwa gemu 5 kwa 1, tena akiwa na pointi mbili za kumalizia pambano. Wozniacki aliziokoa zote mbili, akashinda gemu 6 mfululizo, akapita. Tarehe 27 Januari alicheza fainali na Simona Halep wa Romania. Angalia jinsi mambo yalivyokutana! Halep alikuwa wa kwanza duniani siku ile na Wozniacki alikuwa wa pili. Na hakuna kati yao aliyepata kushinda shindano kuu. Malkia wawili wasio na taji walisimama pande mbili za wavu, katika joto kali, wakaligombania taji moja.

Katika seti ya tatu Halep alitangulia kwa gemu 4 kwa 3. Wozniacki alishinda gemu 3 zilizobaki, na pambano likaisha kwa 7-6, 3-6, 6-4 baada ya saa 2 na dakika 49. Akawa Mdenmark wa kwanza kushinda shindano kuu la mchezaji mmoja mmoja, akarudi katika nafasi ya kwanza duniani baada ya miaka 6 ya kuwa mbali nayo. Mtazamaji aliyemjua wa zamani aliona badiliko. Miguu ilikuwa ile ile na subira ile ile, lakini mpigo wa kuanzia ulikuwa na nguvu zaidi, na alipopata nafasi ya kushambulia hakuiacha ipite kama alivyozoea. Hakukiacha kipaji chake akaazima cha mtu mwingine. Alikiongezea kile kilichopungua, nayo ni njia bora ya kujisahihisha.

Wakosoaji wengi walisema baada ya siku ile kwamba sasa amestahili. Hapa, msomaji, nakuomba usimame ufikiri. Tuseme pointi moja ya Fett ingalitua ndani ya mstari. Mwanamke yule yule, mwenye mazoezi yale yale na moyo ule ule, angalirudi nyumbani katika raundi ya pili, na huenda angaliitwa malkia asiye na taji mpaka leo. Je, thamani ya miaka yote ile ilikuwa imening'inia juu ya mpira mmoja? Siamini hivyo. Ushindi wa 2018 haukuihalalisha nafasi ya 2010, kwa sababu nafasi ile ilikuwa halali tangu mwanzo. Ushindi ule ulikuwa jambo la pili, na yeye alilitafuta kwa njia ya pili, yaani kwa kuirekebisha kasoro yake.

Hata hivyo nisingependa uondoke ukidhani kwamba kilele si kitu. Wanafunzi wanajua kwamba alama za muhula na alama za mtihani wa mwisho hazipimi uwezo wa namna moja. Mwenye bidii ya kila siku hastahili kudharauliwa kwa kushindwa katika mtihani mmoja. Lakini naye hana budi kujiuliza ni kitu gani kinachompungukia siku ile kubwa inapofika. Wozniacki alijiuliza, na jibu lake lilimchukua zaidi ya miaka 7.

Furaha yake haikukaa muda mrefu. Mnamo Oktoba 2018 alishinda mjini Beijing, kikombe chake cha 30, na mwezi huo huo aliutangazia ulimwengu kwamba ana ugonjwa wa baridi yabisi, ugonjwa unaoumiza viungo na kuichosha mwili. Kwa mchezaji aliyeishi kwa miguu yake, hukumu hiyo ilikuwa nzito. Aliaga mchezo mjini Melbourne, Januari 2020, akishindwa na Ons Jabeur wa Tunisia kwa 7-5, 3-6, 7-5. Pointi ya mwisho aliipoteza kwa kosa la mpigo wa upande wa kuume, naye akasema kwa utani kwamba ilifaa kazi yake iishie hivyo, maana ndio mpigo aliojishughulisha kuutengeneza maisha yake yote. Nimesoma maneno mengi ya wakosoaji juu yake, lakini hakuna aliyemkosoa kwa haki na kwa upole kama alivyojikosoa mwenyewe siku ile.

Haukuwa mwisho kabisa. Mwezi Agosti 2023, akiwa mama wa watoto wawili, alirudi uwanjani, na katika mashindano ya Marekani ya mwaka huo alifika raundi ya nne. Alishindwa kwa seti tatu na Coco Gauff, ambaye baadaye alilitwaa taji lenyewe.

Mambo yote yamewekwa mbele yako. Hukumu yangu mimi ni kwamba Caroline Wozniacki hakuwa mchezaji mkali kuliko wote wa zama zake, na hakuwa na haja ya kuwa hivyo ili aitwe wa kwanza kwa haki. Alikuwa mfanyakazi hodari ambaye mchezo wake ulikuwa na sifa kubwa moja na kasoro kubwa moja, zote mbili zikitoka katika shina moja. Sifa aliitunza, kasoro aliikabili, ingawa kwa kuchelewa. Ukipata siku moja kumhukumu mtu mwingine, awe mchezaji, mwandishi, kiongozi au mwanafunzi mwenzako, ulize kwanza unatumia mizani ipi, kisha umwambie mwenyewe kwamba umetumia hiyo. Hukumu isiyotaja mizani yake haina tofauti na biashara ya mchuuzi anayepima nyuma ya pazia.